Kanzu Iliyopata Uaskofu

Habari kwamba Padre Aidani amepewa uaskofu zilianzia kwenye genge la Zabibu, pale Mfaranyaki, na aliyezimwaga ni mama yake mzazi.

Bibi Notburga alikuwa ameshuka kwenye basi la kutoka Lusewa jana yake, na kuku wawili waliofungwa miguu, unga wa mahindi, na nia moja tu: kumwona mwanawe akitimiza miaka ishirini na mitano ya upadre. Moyo ulikuwa unamsumbua. Kijijini alikuwa amewaambia majirani wote kwamba jubilei ya Aidani ikishapita, anaruhusu lolote litokee, lakini kabla ya hapo asije mtu na habari za kufa.

Kusoma hajui. Ila rangi za Kanisa anazijua kama anavyojua likolo, mboga zake za majani shambani, lipi la kula na lipi magugu. Kwa hiyo Thadei, mwanawe mkubwa, alipompa fungu la kadi za mwaliko awagawie akina mama wa jumuiya, Bibi Notburga alisimama juani, akaisogeza kadi mbali na uso, akaileta karibu, akaisogeza tena.

"Zabibu, mwanangu, hebu nitazamie wewe mwenye macho mazima. Hii kanzu ya mwanangu ni rangi gani?"

Zabibu akafuta mikono kwenye kanga. "Zambarau, Bibi. Kama bilinganya zangu hizi."

"Umesema wewe, eh? Mimi sikusema."

"Kwani ikiwa bilinganya kuna nini?"

"Ninyi kwenu hamjui. Kwetu padre huvaa kanzu nyeupe au nyeusi. Akivaa bilinganya, vifungo kutoka shingoni mpaka miguuni, huyo ni askofu."

"Mashallah! Sasa nikusalimieje? Shikamoo, Mama Askofu?"

"Marahaba," akaitikia Bibi Notburga, upesi kama mtu aliyekuwa akiisubiri salamu hiyo tangu alipojifungua. "Na nyanya hizo, mama wa askofu unampimia vipi?"

Alirudi nyumbani na nyanya za nyongeza, vitunguu vya bure, na msafara wa akina mama saba wakipiga vigelegele.

*

Thadei alikuwa ndani ya steshenari yake, chumba cha mbele cha nyumba, chini ya balbu moja ya manjano. Nje alikuwa amebandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe: KOMPYUTA – KADI – VYETI – RANGI HALISI. Shirika alilofanyia kazi lilipobinafsishwa na yeye kupunguzwa kazi, ukoo mzima ulimshauri anunue mashine ya kusaga. Akaenda Dar es Salaam na kiinua mgongo chake, akarudi na kompyuta na printa ya rangi. Tangu hapo kila mjomba aliyepita hakuacha kuuliza, "Hiyo mashine yako inasaga sembe au dona?"

Kadi za jubilei zilikuwa jibu lake kwa wajomba. Hakutoza kitu. Alikuwa amemweka mdogo wake katikati, kanzu nyeusi, waridi pembeni, msalaba juu, na chini maandishi yaliyojipinda kama mkia wa kinyonga. Kwa hiyo mwuza mkaa alipoingia na kumshika mkono kwa mikono miwili, Thadei hakushangaa.

"Hongera sana, Mzee Thadei. Jambo kubwa hili."

"Ahsante. Lakini ni mashine tu."

"Mashine? Si Roma?"

"Hapana, nimeinunua Kariakoo."

Mwuza mkaa akamwangalia kwa huruma, akatoka. Akaingia mwalimu wa kwaya, naye akampa mkono. Akaja mama mmoja akapiga goti. Thadei alikuwa ameanza kuona kwamba kazi ya uchapaji ina heshima kuliko alivyodhani, ndipo Suzana, mkewe, alipomshika mkono akamtoa nje mpaka katikati ya uwanja, akampa kadi.

"Itazame hapa. Usitazame uso, tazama nguo."

Thadei akatazama. Jua la Songea halina adabu, linakuonyesha kitu kilivyo. Uso wa Padre ulikuwa sawa. Waridi lilikuwa waridi. Lakini kanzu ile, ambayo kule ndani chini ya balbu ilikuwa nyeusi tititi, hapa nje ilikuwa zambarau inayowaka, ya kutosha maaskofu wawili.

"Mama yangu!" akasema Thadei.

"Mama yako yuko uani," akasema Suzana, "anaitikia marahaba."

*

Padre Aidani mwenyewe alifika alasiri kwa pikipiki ya parokia, suruali na shati, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Padre. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Kaka, umenifanya nini? Leo mwuza maziwa ameniamkia 'Mhashamu'. Masista wamepiga goti wabusu pete. Nikawaambia, jamani sina pete. Wanasema, 'Itakuja.'"

"Utani huo, Padre."

"Masista hawana utani na pete." Padre akakaa kwenye kiti cha wateja, kikalia. "Na Dekano amenirudishia kadi yake ndani ya bahasha."

Dekano, Padre Romanus, ndiye aliyekuwa msimamizi wa maparokia ya upande ule, mtu wa kunyooka kama mshumaa wa Pasaka. Kila kiti cha uaskofu kilipokuwa wazi popote nchini, watu walilitaja jina lake, na yeye alisema hapana, hapana, kwa sauti ya mtu anayekataa wali mara ya kwanza.

"Ameandika chochote?" akauliza Thadei.

"Neno moja. 'Hongera.'"

"Basi vizuri!"

"Kaka, Dekano hajawahi kusema hongera hata kwa bibi harusi." Padre akaishika ile kadi kwa ncha za vidole. "Unajua padre akijivika nguo ya askofu akajipiga picha, akaisambaza mji mzima, anaitwaje? Mwenye tamaa. Miaka ishirini na mitano sijaomba hata kubadilishiwa godoro, leo naonekana nimejipa jimbo. Vile vijitabu vya misa ya Jumapili, jalada lake ni picha hii hii?"

"Hii hii."

"Basi sikiliza. Wakigawiwa watu vijitabu vya namna hii, mimi sisimami altareni. Nitasoma misa ya alfajiri na masista, nitapanda basi, na jubilei itakuwa imeishia hapo."

"Na Mama je? Ametoka Lusewa na moyo wake ule."

Padre akaitazama printa kama anavyotazamwa mlevi aliyezoeleka. "Ndiyo maana nimekuja kukuomba, kaka. Nitolee kitabu ambacho mimi ni padre. Basi. Kanzu nyeusi, nyeusi kabisa, juani na kivulini."

*

Siku iliyofuata Thadei aliamka na kuanza kuitukana printa kwa Kingoni, lugha aliyoitunza kwa mambo mazito. Suzana aliketi karibu akichambua mchele, akamwacha amalize.

"Mashine hii ina wino wa rangi ngapi?"

"Nne. Bluu, nyekundu, manjano na mweusi."

"Na tumekuwa tukijaza upi?"

"Bluu, nyekundu, manjano. Tumejaza mpaka ile sindano ya kujazia imepoteza makali."

"Mweusi?"

Suzana akaweka ungo chini, akafungua kifuniko cha printa, akachomoa kibweta cha wino mweusi. Akakipima mkononi kama mtu anayepima parachichi, akakitikisa sikioni.

"Umejaa. Haijawahi kuuonja."

"Haiwezekani. Hizo herufi zote nyeusi, hizo kanzu, hizo nywele..."

"Inapika yenyewe. Inachanganya hizo tatu, inatafuta weusi. Chumvi ipo kabatini, mwenzako anachanganya magadi na ndimu!"

Ndipo Thadei alipoingia ndani ya kompyuta, kwenye vyumba ambavyo hakuwahi kuvifungua, akakuta kitu kinaitwa profaili ya rangi. Kwa jinsi alivyomweleza mkewe, profaili ni mpishi anayekaa kati ya kompyuta na printa. Kompyuta inasema "nyeusi", mpishi anaamua nyeusi hiyo ipikwe kwa wino upi na kiasi gani. Na mpishi wao alikuwa mpishi wa karatasi za kung'aa, zile za picha za studio. Amepewa manila ya kadi, na manila inakunywa manjano kama mchanga unavyokunywa maji, inaacha bluu na nyekundu juu. Bluu na nyekundu zikibaki peke yake zinafanya nini? Bilinganya. Na ile balbu ya dukani, kwa kuwa ilikuwa ya manjano, ilikuwa ikizirudishia manjano yake, na kumdanganya Thadei kila alipotazama.

"Kumbe balbu nayo imo," akasema Suzana.

"Wote walikuwa wamekula njama."

Akaona mahali palipoandikwa kwamba printa itumie wino mweusi peke yake. Akapabonyeza kwa hasira. Printa ikakohoa, ikanguruma, ikatoa jalada moja la majaribio. Thadei akakimbia nalo juani. Kanzu ilikuwa nyeusi! Nyeusi kama tako la chungu! Ni kweli uso nao ulikuwa umekuwa wa kijivu, na waridi limekuwa kama kabichi iliyoungua, lakini hayo yangerekebishwa. Kabla hajarudi kwenye kiti, umeme ulikatika, kama kawaida ya jenereta za mji ule zilizokuwa na zamu zake. Thadei akaliacha jalada juu ya meza, akamwita Suzana, wakaenda mjini kutafuta manila nyingine.

Walimwacha Bibi Notburga amelala usingizi wa mchana.

*

Wapo watu wa Mjimwema, kule mbali, wanaokula kiapo kwamba walikisikia kile kilio. Mimi sibishi. Mfaranyaki nzima ilikisikia, pamoja na mbwa.

Bibi Notburga alikuwa ameamka, ameingia dukani kutafuta maji ya kunywa, na pale mezani amekutana na mwanawe. Amekuwa wa kijivu. Hana rangi hata moja. Juu yake msalaba, pembeni ua lililonyauka, chini ya kidevu namba mbili zimetenganishwa na kistari: 1978–2003. Kusoma hajui, lakini amekwenda kwenye mazishi mengi, na karatasi ya namna hiyo anaijua.

Kwa hiyo Thadei na Suzana waliporudi na bunda lao la manila, waliukuta uwanja umejaa. Zabibu alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ameleta mzigo wa kuni. Wanaume walikuwa wamewasha moto na kuuzunguka kwa viti. Wale kuku wawili wa jubilei walikuwa wamekwisha nyonyolewa.

Thadei aliachia manila ikamwagika. "Mama!" akalia. "Mama yangu, umeshindwa kungoja siku mbili!"

"Pole, Thadei," mwuza mkaa akamkumbatia. "Lakini mama yuko ndani analia."

"Analia?"

"Analia sana."

"Mtu akifa analiaje?"

"Siyo mama. Ni mdogo wako. Tena na uaskofu wake, hajaukalia hata wiki." Akashusha sauti. "Watu wana roho mbaya, Mzee Thadei. Wivu. Mimi sitaji mtu."

Hakutaja, lakini macho ya wote waliouzunguka moto yalimtazama Dekano Romanus, aliyekuwa amefika kutoa pole na kukalishwa kwenye kiti chenye mkono mmoja. Dekano alikaa amenyooka, anatoa jasho. Pembeni yake mwalimu wa kwaya alikuwa na lile jalada mkononi, akipiga hesabu.

"Elfu moja mia tisa sabini na nane, mpaka elfu mbili na tatu. Maskini, kafariki na miaka ishirini na mitano."

"Mbona ana mvi?" akauliza kijana mmoja.

"Kazi ya Mungu unaionaje wewe?"

Suzana ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alimpokonya mwalimu wa kwaya lile jalada, akalitazama, akamtazama mumewe, akaanza kupanda juu ya kiti awaeleze watu. Alikuwa bado anapanda, ndipo pikipiki ya parokia ilipoingia uwanjani kwa kasi, ikaangukia rundo la kuni, na Padre Aidani akaruka kutoka juu yake na kichupa cha mafuta matakatifu mkononi.

Naye alikuwa ameambiwa kuna msiba kwa kaka yake. Naye alikuwa amedhani ni mama.

Kilichotokea hapo hakisimuliki vizuri. Mwuza mkaa aliruka ua wa miyombo bila kuugusa, na alikuwa mtu wa miaka sitini. Kwaya ilikimbilia upande mmoja, akina mama upande mwingine. Dekano alifanya ishara ya msalaba mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa. Padre hakuona hata mmoja wao. Alipita katikati ya watu, akaingia ndani, akamkuta Bibi Notburga sakafuni, kanga kichwani.

"Mama! Unaumwa wapi?"

Bibi Notburga alifunua jicho moja. Akanyoosha mkono, akamgusa shavu, akaurudisha mkono haraka.

"Uko baridi."

"Ni upepo wa pikipiki, Mama."

Akamgusa tena. Akamshika sikio, akalivuta kama alivyokuwa akilivuta zamani Aidani alipoiba karanga. Padre akasema "Aa!" na hiyo "Aa!" ndiyo iliyomfufua.

Walimweleza yote, Thadei amepiga magoti upande huu, Padre upande ule. Habari za mpishi wa rangi, manila, balbu. Bibi Notburga alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hukupewa uaskofu."

"Sikupewa, Mama."

"Na hukufa."

"Sikufa."

Akafikiri. "Haya. Nitachukua hilo la pili." Kisha akamgeukia Thadei. "Wewe karatasi zako sizitazami tena mpaka kanisani. Zimenitosha. Ungenunua mashine ya kusaga."

Nje, Dekano alikuwa amesimama kumsubiri Padre Aidani. Walitazamana.

"Nilikuwa nimekwisha andaa mahubiri ya mazishi," akasema Dekano.

"Yalikuwa mazuri?"

"Nilikusifu sana." Dekano akakohoa. "Nilisema ulikuwa mtu asiye na tamaa."

"Basi yatunze, Baba Dekano. Usiyaharibu."

Padre alimvuta kaka yake pembeni ya moto, mahali ambapo Zabibu alikuwa akisonga ugali, maana unga umekwisha letwa na kuku wamekwisha chinjwa, na watu hawakuona sababu ya kuondoka na njaa kwa sababu tu marehemu amefika.

"Kaka, jana umenipandisha cheo. Leo umeniua. Jumapili nakuomba unirudishe tu nilivyokuwa. Ukishindwa, niambie mapema, nikakate tiketi."

*

Jumamosi umeme ulirudi baada ya saa sita mchana. Thadei alikuwa amekaa mbele ya kompyuta iliyozimika tangu asubuhi, kama mtu aliyeshika nafasi kwenye foleni.

Akawafungua wapishi wote mmoja mmoja. Yupo wa magazeti, yupo wa karatasi za kung'aa, yupo aliyeandikwa kwa lugha isiyojulikana. Kila mmoja alimpa jalada alipike, na kila jalada lilipotoka, Suzana alilikimbiza nje, akaliweka juu ya kiti juani. Zabibu alikuwa ameitwa kuwa hakimu. Alikuwa amekuja na bilinganya yake.

"Hiyo bado bilinganya," akasema kwa la kwanza, akizilinganisha.

La pili: "Hiyo kahawa."

La tatu: "Mh. Hiyo mnamvisha Padre chura."

Suzana naye alikuwa na kipimo chake. Alilamba kidole, akasugua pindo la kanzu pichani. Weusi wa kuchanganya ulipolowa ulitoa machozi ya rangi, pembeni bluu, pembeni waridi. Bibi Notburga, aliyekuwa ameketi kivulini, ameyapa mgongo mambo yote hayo, aligeuka kwa bahati mbaya.

"Suzana! Unampaka Padre mate?"

"Napima weusi, Mama."

"Kapime kwa mumeo."

Ndani, Thadei alikuwa amempata mpishi aliyekuwa akimtafuta. Huyu rangi nyingine zote alizipika, lakini akikuta weusi uliokuwa safi tangu mwanzo alipita pembeni, hakuuchanganya na kitu. Thadei akachapa. Herufi zikatoka nyeusi zisizo na lawama. Uso ukawa uso. Waridi likawa waridi. Kanzu ikatoka bilinganya.

Alikaribia kulia. Akaitazama picha ile kwa muda, mpaka akaelewa. Herufi alikuwa amezifanya mwenyewe, weusi wake ulikuwa safi. Kanzu ilikuwa ndani ya picha, na picha imekuja na weusi wake wa kuchanganya kutoka ilikotoka. Mpishi hana kosa, ameletewa chakula ambacho kimekwisha pikwa.

"Suzana, njoo unishikie pumzi."

Akaizunguka kanzu ile kwa mausi, polepole, kama fundi cherehani anayekata kola ya bwana harusi. Akapita begani, akateremka mkononi, akaruka vidole, akapanda kwenye vifungo. Mara mbili mausi iliteleza na kumkata mdogo wake shavu, mara mbili akarudi. Alipofunga mzunguko, akaiambia kompyuta maneno ambayo baadaye aliyarudia kwa kila mteja, atake asitake: humu ndani, bluu isiwepo, nyekundu isiwepo, manjano isiwepo, wino mweusi ujae wote.

Jalada likatoka. Suzana akakimbia nalo. Thadei akangoja kwenye kiti, hakuthubutu kusimama.

"Mzee Thadei!" Zabibu akaita kutoka nje. "Bilinganya imeshindwa!"

Suzana akalamba kidole, akasugua. Kidole kikatoka na kijivu tu, kama cha mtu aliyegusa sufuria. Ilikuwa nyeusi juani, wakaiingiza ndani, ikawa nyeusi kwenye balbu. Wakaipeleka chini ya kitanda, hapo hawakuiona kabisa.

Walichapa mchana ule wote bila kula, Thadei analisha karatasi, Suzana anakunja, Zabibu anabana pini. Jalada la mwisho lilikuwa katikati ya safari umeme ulipokatika tena. Padre akabaki na kichwa na kifua, miguu haijateremka.

"Hilo nitampa Dekano," akasema Thadei.

"Utampa zima," akasema Suzana, "na utampa kwa mikono miwili."

*

Jumapili uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa kabla kengele ya kwanza haijalia. Wengine walikuja kuadhimisha jubilei, wengine walikuja kumwona mtu aliyekuwa askofu, akafa, na sasa anasoma misa. Thadei alisimama mlangoni amevaa koti, akigawa vijitabu. Alimpa Dekano chake kwa mikono miwili. Dekano alikiinua juani, akakigeuza huku, akakigeuza kule, akaona padre wa kawaida katika kanzu nyeusi. Uso wake ukalegea kama fundo lililofunguliwa.

"Kazi safi," akasema.

"Ahsante, Baba Dekano. Siri ni mpishi."

Alimpa mwuza mkaa. Alimpa mwalimu wa kwaya. Wajomba wawili walipokea, wakatazama, na kwa mara ya kwanza hawakuuliza habari za dona. Kisha mlango wa sakristia ukafunguliwa, na Padre Aidani akatoka katika ile kanzu yake nyeusi ya siku kubwa kumsalimia mama yake kabla ya kuvaa mavazi ya misa. Alisimama mbele yake juani. Thadei akamwekea mama kijitabu mkononi.

"Sasa unaweza kutazama, Mama."

Bibi Notburga alikisogeza kijitabu mbali na uso, akakileta karibu. Akatazama jalada. Akamtazama mwanawe. Akatazama jalada tena. Watu waliokuwa karibu wakasogea.

"Thadei," akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye kwaya, "umekosea tena."

"Nimekosea wapi, Mama? Nyeusi hiyo! Nyeusi tupu!"

"Ndiyo. Lakini ya mdogo wako, weusi uko wapi?"

Kila mtu akamgeukia Padre. Na kweli, kando ya weusi ule wa jaladani, kanzu ya Padre Aidani ilionekana jinsi ilivyokuwa. Mabega yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Viwiko vilikuwa rangi ya vumbi la njia ya Namtumbo. Pindo lilikuwa na viraka vitatu, kila kimoja na weusi wake. Walikuwa wameiona miaka na miaka wakaizoea, hakuna aliyewahi kuiwekea kitu cheusi pembeni. Masista wakainamisha macho.

"Huyu wa kwenye karatasi," akaendelea Bibi Notburga, akitafuta kwa kidole mpaka kidole kikamfikia Dekano Romanus, aliyevaa kanzu mpya inayometa kama lami, "ni yule pale."

Dekano aliitazama kanzu yake. Akaitazama ya mwenzake. Mikono yake haikujua pa kujiweka, mwisho akaificha nyuma.

Thadei alitamani ardhi immeze pamoja na mashine zake. Alimtazama mdogo wake, akitafuta dalili kama ataenda kukata tiketi. Padre Aidani alikuwa ameinua mkono wake juani, anauchunguza mkono wa kanzu, mbele na nyuma, kana kwamba amepewa leo. Kisha mabega yakaanza kumcheza. Alicheka mpaka akamshika mama yake begani asianguke.

"Kaka hajakosea, Mama," akasema alipopata pumzi. "Mashine ni nzima. Mimi ndiye niliyechuja."

"Naona," akasema Bibi Notburga. Akakikunja kijitabu, akakitia kifuani chini ya kanga, akampigapiga mwanawe ile mikono ya kanzu ya kahawia. "Haya, ingia ukasome misa, Padre, kabla rangi haijaisha yote."

Padre Aidani akainamisha kichwa kama mtoto aliyetumwa dukani, akaingia.